Nanga ya Pili Isiwe Mdogo wa Ile ya Kwanza

Huku Mikindani mwenye chombo huitwa tajiri, hata kama utajiri wenyewe ni boti moja ya faiba ya mita 7, injini ya farasi 15 na deni la barafu. Mimi ni tajiri wa aina hiyo. Nanunua samaki na pweza kwa wavuvi wa Msimbati na wa ndani ya Ghuba ya Mnazi, nawapakia kwenye barafu, nawaleta sokoni Mtwara mjini. Mara nyingi napanda mwenyewe. Bei uliyoisikia kwa masikio yako ufukweni na bei utakayosimuliwa jioni ni bei mbili tofauti.

Kwa kuwa napanda mwenyewe, mambo ya nanga hayanipiti. Na kwa kuwa mlipaji ni mimi, hayanipiti mara mbili.

Boti niliinunua pamoja na nanga yake: nondo zilizopindwa, mikono minne, kilo 9 hivi, kazi ya fundi wa kuchomelea. Ni nanga utakayoikuta kwenye vyombo vingi vya pwani hii, na watu wana sababu za kuipenda. Nondo inapatikana popote wanapojenga. Fundi anaimaliza kabla ya adhuhuri. Ikinasa kwenye mwamba unaivuta kwa nguvu, mkono unanyooka, nanga inatoka, na ukifika nyumbani unaipinda tena kwa kipande cha bomba. Chuma kigumu kingebaki chini pamoja na kamba yako. Sina ugomvi na nanga ya nondo.

Ugomvi ulikuwa juu ya ile ya pili. Nilipomwambia nahodha kwamba nataka chombo kiwe na nanga mbili alikubali upesi mno. Ni mtu mzima. Namwita mjomba ingawa hatuna udugu wa damu, naye huniita mwanangu tukielewana na tajiri tukikorofishana.

"Basi, mwanangu, tumwambie fundi atutengenezee nyingine kama hii, ndogo, ikae tezi, huku nyuma."

Ndivyo wanavyofanya wengi. Nanga ya pili inakuwa mdogo wa ile ya kwanza: sura ileile, tabia ileile, nguvu pungufu. Nikamuuliza, "Mjomba, kubwa ikikataa kushika, ndogo itashika kwa miujiza gani?" Akacheka, siku hiyo yote nikawa tajiri.

Lakini swali halikuwa la kebehi. Ukikaa na nanga ya mikono minne msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na msimu wa kusi, ule wa kutoka kusini, unajua inakokufaa na inakokutupa. Kwenye mwamba inashika, kwa sababu inapata pa kutundika kidole. Kwenye mchanga safi inachora mistari tu. Kwenye tope la ndani ya ghuba yetu, upande wa mikoko, inapita kama uma kwenye uji. Halafu kuna vifusi. Pwani hii imepigwa baruti za kuvulia samaki sana, na pale ambapo tumbawe lilivunjwavunjwa chini pamebaki mawe yaliyolegea. Unatia nanga, kamba inakaza, unashukuru Mungu. Baada ya muda unaona mnazi uliokuwa ubavuni umekwenda mbele. Nanga imeshika jiwe, jiwe halijashika kitu.

Na kwetu huwezi kuiachia nanga iburute ukitumaini itajishikia mbele ya safari. Ukanda wa maji mafupi ni mwembamba. Ukiuvuka mwamba wa nje, chini panaporomoka ghafla, na nanga iliyokuwa ikiburuta inabaki kuning'inia hewani, kama maji yanaweza kuitwa hewa. Kisha kuna mkondo. Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi unaotoka mashariki unaigonga Afrika maeneo haya haya ya mpaka wetu na Msumbiji, unagawanyika, mwingine unashuka kusini, mwingine unapanda kaskazini kuipita Lindi na kuendelea. Msimu wa kusi huo unaopanda unakaza kweli kweli. Chombo kisicho na injini wala nanga kinakwenda unakokwenda.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote nilitaka kujua: sisi hasa tunatia nanga juu ya nini? Mjomba anajua kwa moyo, lakini anajua kwa majina ya mahali, si kwa majina ya chini pake. Anayo chubwi, risasi ya kupimia kina, nzito ya zamani yenye kishimo chini. Unabandika humo kipande cha sabuni ya mche, unaitumbukiza hadi iguse, unaivuta, na sabuni inaleta habari: chembe za mchanga, tope, nyuzi za majani, au imechubuka tu bila kubeba kitu, maana yake ni mwamba. Tukawa tunafanya hivyo kila tunaposimama, kijana wetu akiandika kwenye daftari la hesabu za samaki. Wauzaji wa pweza walidhani tunatafuta gesi, maana huko Msimbati gesi ndiyo habari ya mjini.

Jibu lilitoka wazi. Mwamba ni mahali pachache, na hapo pachache tunapaswa kupakwepa: Ghuba ya Mnazi ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na hata isingekuwa hifadhi, tumbawe hai ndilo linalozaa hao pweza ninaowanunua. Mahali petu pa kila siku ni mchanga wa Msimbati, tope la nyumbani, na katikati viwanja vya majani ya bahari. Nanga ya kwanza ilikuwa bingwa wa mahali ambapo hatusimami.

Baada ya hapo uchaguzi ukawa mfupi. Nanga ya jembe, ile aliyoibuni mwanafizikia wa Uingereza, Geoffrey Taylor, mwaka 1933, inachimba vizuri na chombo kikigeuka nayo inageuka. Lakini ni nzito kwa mkono, na haina ubavu wa kulalia. Kwenye boti yenye masanduku ya barafu na miguu mitupu ya watu inazunguka kutafuta kidole cha kukata. Nanga ya kucha tatu, iliyotengenezwa kwa kipande kimoja cha chuma, ambayo Peter Bruce aliibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya mitambo ya mafuta, inajishikia karibu popote, ila ukitaka ishike kwa nguvu lazima uchukue kubwa. Nikabaki na ya mabapa mawili.

Hii ilibuniwa na Mmarekani Richard Danforth mwaka 1939. Ni mti mmoja mrefu na mabapa mawili yaliyochongoka, yanayocheza kwenye bawaba. Ukiivuta kwa ulalo, ncha zinainama, zinazama, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyojizika. Uzito si mkubwa, nguvu inatokana na upana wa bapa lililofukiwa. Kwenye mchanga, ya kilo 5 inaishinda nanga yangu ya nondo ya kilo 9 bila ubishi. Na ikikaa chomboni inalala bapa, unaweza kuikalia.

Ina kasoro zake, na sikuzificha kwa mjomba. Kwenye majani mazito inateleza juu juu. Jiwe likijibana kati ya mabapa, haifungui tena. Maji yakigeuka na chombo kikapita juu yake, inaweza kung'oka na isijizike upya. Angekuwa na nanga moja tu maishani, nisingemshauri mtu achukue hii. Lakini angalia kasoro hizo: karibu zote ni mahali ambapo ile ya nondo ndiyo inafanya vizuri. Hapo ndipo mjomba alipoanza kunisikiliza.

Niliagiza Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Kondakta alikuwa ameandika kwenye risiti ya mzigo: "jembe la trekta, 1." Sikumrekebisha.

Jirani yangu mmoja alipoiona alienda kwa fundi wake akachongewa inayofanana. Kwa macho, mapacha. Majini ile ya fundi ililala juu ya mchanga na kufuata boti. Tulipozipima tukaona bawaba ya fundi inayaacha mabapa yafunguke mno. Kwenye mchanga pembe kati ya mti na bapa inatakiwa iwe kama digrii 32. Kwenye tope laini sana ndiyo inafaa ifunguke hadi digrii 45, na zipo nanga za kiwandani za aina hii zenye matundu mawili ya kuchagulia. Fundi alichomelea vipande vya kuzuia, pembe ikarudi, na sasa inashika. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani lazima ya dukani. Si lazima, ila lazima upime pembe.

Kamba ilinisumbua kuliko nanga. Ukiomba kamba dukani utapewa manila, na chini ya jina hilo zimo za kila aina. Mimi huomba kipande kifupi, nakitia kwenye ndoo ya maji. Kikielea, nakirudisha. Kamba inayoelea inatandaa juu ya maji nyuma ya boti ikisubiri propela, tena jua linaila upesi. Nailoni halisi inazama, na inavutika. Wimbi likiinua chombo, kamba inarefuka kidogo badala ya kuinyakua nanga. Mbele ya kamba niliweka mnyororo wa mita 3, milimita 8, kilo 4 na kitu. Mnyororo ndio unaoulaza mti wa nanga chini. Bila huo hata nanga nzuri inavutwa kwa juu na kung'oka.

Urefu wa kamba ndio hesabu ambayo watu hawaipendi. Tuseme unasimama kwenye maji ya mita 3 wakati wa kupwa. Bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, inaongeza mita 3 na nusu. Omo, yaani mbele ya chombo, iko nusu mita juu ya maji. Hiyo ni mita 7, ambazo kwa siku ya kawaida unazidisha mara 5, unapata 35, na upepo ukikaza mara 7, unapata 49. Nilinunua mita 50, kama pima 27. Mjomba alipozihesabu kwa mikono yake aliona ni israfu. Kumbe hoja yake ilikuwa bei, si bahari, kwa maana nanga ya kwanza ilikuwa na kamba ya pima 15 tu na yeye ndiye aliyekuwa akilalamika kila bamvua. Upepo ukiongezeka maradufu nguvu inayovuta kamba inakuwa mara nne. Afadhali kamba ibaki ndooni kuliko ipungue.

Kisha nikafanya jambo ambalo wanaume wa chombo waliliona la kitoto: nikaiinua mwenyewe. Siku ya shida mjomba atakuwa kwenye injini, kijana mkubwa yuko kwenye upondo, mti wa kusukumia boti, anayebaki bila kazi ni mimi au mdogo wa vijana. Kama sisi hatuwezi kuiteremsha nanga ya pili boti ikiyumba, basi ni mzigo tu. Kilo 5 naiweza. Haitupwi kama jiwe, ikitupwa inajisokota na mnyororo wake. Unaishusha, unauachia mnyororo, kamba inafuata. Inakaa kwenye dumu la lita 20 lililokatwa juu: kamba chini, mnyororo juu yake, nanga imefungwa pembeni kwa fundo la kuvuta mara moja. Ncha ya mwisho ya kamba inapita kwenye tundu la chini ya dumu na imefungwa chomboni daima. Kila bandari ina hadithi ya kijana aliyetia nanga kwa mbwembwe na kuiaga moja kwa moja. Yetu pia inayo.

Inapofanya kazi zaidi ni Msimbati. Huko hakuna gati, unapakia ufukweni, na msimu wa kusi wimbi linakuja kwa mgongo. Zamani vijana walisimama majini hadi kifuani kuishika boti isigeuke ubavu. Sasa tukiwa mita 40 hivi kutoka nchi kavu, tunakwenda taratibu, tunaishusha nanga kwa nyuma na kuilegezea kamba. Injini inainuliwa kabla kina hakijaisha. Omo inagusa mchanga, nyuma kamba imekaza, boti inakaa imenyooka. Masanduku yakishaingia tunaivuta kamba kwa mikono na chombo kinarudi kinyumenyume hadi kwenye maji ya kuteremshia injini. Nilikuja kujua baadaye kwamba hiyo ndiyo kazi iliyoitukuza nanga ya Danforth: vyombo vya kuteremshia askari kwenye fukwe wakati wa Vita Kuu ya Pili vilikuwa na nanga za aina hii nyuma, vinajivuta nazo kurudi baharini. Wao walishusha vifaru, sisi tunapakia pweza.

Hapa mjomba ndiye aliyenifundisha mimi. Mimi ningeifunga ile kamba ya tezi imara. Yeye alikataza. Inazungushwa nusu mzunguko tu na mtu anaishika, ili wimbi kubwa likija iachiwe papo hapo. Tezi ya boti kama yetu imekatwa chini kwa ajili ya injini. Ukiifunga kwa nyuma na bahari ikapanda, maji yanaingia palepale na kila wimbi linaongeza. Kusimama au kulala kwa nanga ya tezi kwenye chombo changu hakuna. Ikitumika peke yake kwa kusimama, inahamishiwa omo, na ndiyo maana dumu lake linabebeka.

Kuna mara moja ilishushwa omo bila mtu kupanga. Injini ilizima kwenye mlango wa ghuba maji yakitoka, mafuta tuliyouziwa kwa madumu yalikuwa na maji. Nanga ya nondo ilikuwa chini ya masanduku mawili ya barafu, kama kawaida yake. Mdogo wao alilibeba dumu hadi mbele, akaishusha, akailegezea kamba huku akihesabu pima kwa sauti, sauti ikitetemeka kidogo. Ilishika. Mjomba akafungua kichujio, akamwaga, akavuta kamba ya injini mpaka ikaitika. Hakusema neno juu ya nanga hadi tulipofika, akasema tu kwamba mtoto amehesabu vizuri.

Kazi zake nyingine ni ndogo. Tukipwelewa kwenye fungu, tunaitia ndani ya mtumbwi wa jirani, inapelekwa upande wa maji mengi, inashushwa, na maji yakianza kujaa tunajivuta. Ya nondo haipelekeki hivyo, na mchanga haiushiki. Kwenye mto wa mikoko, ambako maji yanageuka na chombo nacho kinageuka, tunatia moja upande wa juu wa mto na nyingine upande wa chini. Kwenye mwamba bado ni ya nondo peke yake, nayo tumeifunga kwa ujanja wa wavuvi: kamba imefungwa kwenye tako la nanga, pale mikono inapokutana, kisha ikabanwa kichwani kwa uzi dhaifu. Ikinasa unasimama juu yake na kuvuta, uzi unakatika, nanga inatoka kwa kurudi nyuma.

Mtu asije akadhani nanga mbili ni dawa ya kila kitu. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja kutua Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, huku hakuna aliyeuliza ni nanga ipi. Wazee wanaozungumzia kimbunga cha mwaka 1952 kilichoipiga Lindi walisema buruteni vyombo juu, na vyombo vikaburutwa juu.

Malipo yalileta maneno. Mafuta na barafu tunayatoa kabla ya mgawo wa mapato, na nilitaka nanga itoke hapo. Vijana wakasema nanga ni mali ya chombo na chombo ni cha tajiri. Walikuwa na hoja. Tukakubaliana nanga na mnyororo ni vyangu, kamba inatoka kwenye gharama za pamoja kwa sababu inachakaa kwa kazi ya wote. Tangu hapo wanaisuuza kwa maji baridi bila kuambiwa.

Sasa mjomba anataka ile ya nondo nayo iwekewe mnyororo. Nimemwambia ana haki, na asubiri kaskazi iingie. Ananiita tajiri wiki hii.